Kiasi cha Mzamiaji

Swali moja la kale katika elimu ya maadili ni hili: kujitawala ni fadhila ya kumfaa nani? Je, mtu ajitawalaye hujifaa mwenyewe tu, kama yule aufungaye mlango wake usiku, au yuko mwingine mwenye haki ya kumdai kwamba ajitawale? Wengi hujibu kuwa kiasi ni mali ya mwenye nacho. Mlafi huumwa na tumbo lake, mwenye hasira huunguzwa na moto wake, na mpenda makuu huanguka kutoka juu alikopanda mwenyewe. Kwa maoni hayo kiasi ni busara tu. Hakihesabiwi katika mambo ya haki. Insha hii yakusudia kulipinga jibu hilo, na mfano wake utatoka mahali ambapo mifano ya namna hii haikuzoewa kutafutwa: chini ya maji, katika kazi ya mzamiaji achukuaye kamera.

Msafiri atokaye Mbeya, akapita Uyole na Tukuyu, akateremka hata Kyela, hushuka zaidi ya mita 1,000. Kwani mji wa Mbeya uko yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko yapata mita 475. Huko Matema, penye pembe ya kaskazini ya ziwa, milima ya Livingstone hujitumbukiza majini ghafula, na mteremko uonekanao juu huendelea chini ya maji mahali jicho lisipofika. Ziwa hili, ambalo kina chake kirefu kabisa chafikia yapata mita 700, lina aina za samaki nyingi kuliko ziwa jingine lolote duniani. Wengi wao ni wa ukoo wa sikilidi, ambao miongoni mwao wamo mbuna wakaao penye miamba, na walio wengi hawapatikani mahali pengine popote. Katika aina nyingi mama hubeba mayai kinywani, kisha huwabeba watoto mumo humo mpaka waweze kuogelea. Katika aina nyingine, zikaazo penye mchanga, dume huchota mchanga kwa kinywa, akaujenga ukawa bakuli au kilima kidogo, ili jike aje apendezwe na kazi yake.

Wala si Nyasa peke yake. Katika wilaya ya Rungwe kuna maziwa madogo yaliyokaa ndani ya makovu ya volkano ya zamani. Mojawapo ni Masoko, ambalo pia huitwa Kisiba, na upana wake haufikii kilomita moja. Mwaka 1915 usingalimwonyesha mtu yeyote siri ya ziwa hilo; mwaka 2015 wataalamu walieleza katika jarida la Science kwamba ndani yake samaki wa ukoo mmoja wanaachana wawe namna mbili: wale wa karibu na ukingo, ambao madume yao yana rangi ya manjano, na wale wa chini penye giza, ambao madume yao yana rangi ya buluu. Mtu awezaye kuyatazama maji hayo husoma kitabu ambacho wino wake haujakauka. Kwa hiyo asidhani msomaji kwamba mpiga picha wa chini ya maji ni mtu wa anasa tu. Yumo katika kazi ya ushahidi: huwaletea walio nchi kavu habari za viumbe wasiokuwa na ulimi wa kujieleza.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Mwaka 1893 Mfaransa Louis Boutan alipoanza kupiga picha chini ya bahari, alivaa kofia ya shaba na viatu vizito, akasimama juu ya sakafu ya bahari kama mtu asimamavyo uani kwake. Mwaka 1943 Wafaransa wengine wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, walitengeneza chombo cha kumpa mzamiaji hewa kutoka mtungini kwa kadiri ya pumzi yake. Tangu hapo mzamiaji aliweza kuogelea apendavyo, na mpiga picha hakuhitaji tena ardhi ya kusimama. Lakini uhuru huo ulikuja na deni lake. Asiye na ardhi chini ya miguu hana budi kujifanyia msimamo wake mwenyewe.

Msimamo huo ndio urari: kukaa kati ya kuzama na kuibuka. Mzamiaji huchukua vipande vya madini ya risasi ili azame, na huvaa kizibao chenye mfuko wa hewa ili asizame mno. Baada ya hapo mapafu yake ndiyo mizani ya mwisho. Akivuta pumzi huinuka kidogo, akiitoa hushuka kidogo. Walakini haji juu papo hapo avutapo, hupita kitambo. Asiyejua hudhani pumzi yake haikutosha, akaongeza nyingine, kisha hujikuta amepita mahali alipotaka kukaa. Basi hutaka kujirudi, akazidi kushuka, na mwendo wake wote ukawa kupanda na kushuka kama pishi mikononi mwa mpimaji asiye mwaminifu.

Tena urari huo haupatikani mara moja ukawekwa akiba. Kanuni iliyotangazwa na Robert Boyle mwaka 1662 yasema kwamba hewa hupungua ujazo wake kwa kadiri inavyogandamizwa. Hewa iliyojaza mfuko juu ya maji hubaki nusu yake katika kina cha yapata mita 10, theluthi yake katika mita 20, na robo yake katika mita 30. Azidivyo kushuka ndivyo hewa yake isinyaavyo, na isinyaavyo ndivyo azidivyo kuwa mzito na kuzidi kushuka. Apandapo mambo hugeuka: hewa hutanuka, naye huwa mwepesi, na wepesi humpandisha kasi zaidi. Hewa ya mtungini nayo ina uzito. Mtungi wa lita 12 uliojazwa kwa mgandamizo wa baa 200 huwa na hewa ya yapata lita 2,400, na uzito wa hewa hiyo ni karibu kilo 3. Mzamiaji huivuta na kuiachilia mapovu mapovu. Kwa hiyo mizani iliyokuwa sawa alipoingia haiwi sawa atokapo. Kila kosa dogo hujizidisha lenyewe, na kila sahihisho lina wakati wake. Hii ndiyo tabia ya urari wa majini, na aliyewahi kuuchunguza moyo wa binadamu ataona kwamba tabia hiyo si ngeni kwake.

Ongeza sasa kamera. Chombo hiki, kikiwa ndani ya sanduku lake lisilopitisha maji, na taa zake mbili zimenyosha mikono, hudai mikono yote miwili ya mtu, jicho lake, na nia yake. Wahenga walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Mzamiaji huyu ameshika mbili, na tukiuliza ni ipi itakayoponyoka, jibu halina shaka: ni ile isiyotamanika. Hakuna atamaniye kuangalia kipimo cha kina. Hakuna apatwaye na shauku kwa kukumbuka kiasi cha hewa kilichobaki. Lakini samaki aliyejaza watoto kinywani, aliyesimama penye ufa wa jiwe kwa dakika moja tu, huuvuta moyo wote. Hapo mtu huizuia pumzi ili mkono usitikisike, naye kwa kuizuia huanza kuinuka. Na mtu ainukaye huku ameshika pumzi yuko katika hatari kuu kuliko zote za kazi hii, kwani hewa iliyofungwa katika mapafu hutanuka, na yaweza kuyapasua.

Katika maji ya Nyasa, ambayo usoni huwa na joto la digrii 23 hata 28, vazi jepesi la mpira hutosha. Jaribio kali zaidi liko katika bahari za baridi, kama zile za Norwei na Uskoti, ambako maji huweza kushuka chini ya digrii 10. Maji humnyang'anya mtu joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Basi mzamiaji wa huko huvaa vazi kavu, yaani vazi lililozibwa shingoni na mikononi, maji yasipate mlango, na ndani yake mna hewa imkingayo. Kinga hiyo ni neema. Lakini hewa ile ile imtiayo joto ndiyo imtiayo wepesi, na haikai mahali pamoja: hukimbilia sehemu ya mwili iliyo juu. Kwa hiyo mvaaji hutia hewa ndani ya vazi kwa vali ya kifuani ashukapo, na apandapo huitoa kwa vali iliyo mkononi karibu na bega, akiuinua mkono huo uwe juu kuliko mwili. Alikuwa na mfuko mmoja wa hewa wa kuuangalia. Sasa anayo miwili. Kila kinga mtu aivaayo humkinga na jambo moja na kumkabidhi jambo jingine la kulinda. Ndivyo zilivyo mali, ndivyo vilivyo vyeo, ndivyo ilivyo elimu.

Iko methali nyingine isemayo kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa mpiga picha wa chini ya maji methali hii ni kweli tupu, maana mengi mazuri yako chini ya majabali. Lakini mvaaji wa vazi kavu, akiinamisha kichwa na kuinua miguu, hewa yote hupanda miguuni. Vali iko begani, hewa iko miguuni. Miguu hufura kama viriba, ikamvuta juu kichwa kikiwa chini, na kwa kadiri anavyopanda hewa huzidi kutanuka. Dawa yake ni kujikunja, kujibiringisha, na kurudi wima mara moja, hewa irejee penye vali. Mwenye mikono mitupu na akili tulivu huweza. Mwenye kamera mikononi na tamaa moyoni hukawia, na kukawia kwake ni kwa sekunde chache ambazo hapana awezaye kumrudishia. Hivyo methali yataka nyongeza: mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini ajue kwanza atainukaje.

Hata hapa msemaji wetu wa kwanza aweza kusema: “Haya yote yathibitisha maneno yangu. Mzamiaji asiye na kiasi hujidhuru mwenyewe.” Na tungaliishia hapa angalikuwa ameshinda. Lakini tuangalie ni nani adhurikaye kabla yake.

Kwanza ni kile kitazamwacho. Mtu asiye na urari hushuka mpaka sakafuni, akaipigapiga kwa mapezi yake ya mpira ili asizame zaidi. Bakuli la mchanga ambalo samaki amelijenga kwa siku nyingi, punje kwa punje, hubomolewa kwa teke moja, na aliyelipiga hakugeuka nyuma kuona. Mama mwenye watoto kinywani, akitishwa, huweza kuwatema, na jirani zake wenye njaa hawangoji kukaribishwa. Pili ni mwenziwe. Wazamiaji hushuka wawili wawili, kila mmoja akiwa akiba ya hewa ya mwingine. Aliyezama ndani ya kioo cha kamera amemwacha mwenziwe peke yake, ingawa wako mita tatu mbali. Tatu ni ushahidi wenyewe. Tope lililoinuliwa na mapezi huelea mbele ya kamera, na taa ziwashwapo kila chembe hung'aa kama theluji. Samaki aliyekimbia hupigwa picha ya mkia. Na yule aliyebaki ana sura ya hofu, ambayo siyo sura yake ya kila siku. Picha hiyo haisemi habari za ziwa. Yasema habari za aliyekuja kulisumbua.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Aendaye kutazama amedai jambo kubwa: amedai kwamba yaliyoko yaonekane kama yalivyo. Kwa dai hilo amejifunga kutoyageuza. Basi kutulia kwake si hiari tena, wala si mapambo ya tabia yake. Ni sehemu ya ahadi aliyoitoa kwa kitazamwacho na kwa wale watakaomwamini. Kiasi chake kimekuwa haki ya mwingine. Na kama ni hivyo kwa mzamiaji, ni hivyo pia kwa mwandishi wa historia, kwa hakimu, kwa mganga, na kwa mwanachuo aendaye vijijini na daftari lake kuuliza watu habari za misiba yao. Kila mmoja wao aweza kutifua tope, kisha akaandika kwamba maji ya mahali pale ni machafu.

Watakuwapo wapinzani, na wawili wastahili kusikilizwa. Wa kwanza husema kwamba elimu ina gharama. Kiota kimoja kikivunjika ili dunia ijue habari za viota elfu, hasara ni ndogo na faida ni kubwa. Nakubali kwamba elimu ina gharama. Sikubali kwamba gharama ya uzembe ihesabiwe katika gharama za elimu. Mtaalamu amchukuaye samaki ili amchunguze amejua alitendalo, na aweza kuulizwa sababu yake. Mpiga teke hakujua, na kwa hiyo hana sababu ya kutoa. Kuliita teke lake sadaka kwa elimu ni kuipa bahati mbaya jina la wema.

Wa pili husema kwamba maziwa yana maadui wakubwa zaidi: nyavu zenye macho madogo, na udongo ubebwao na mvua kutoka mashamba ya mitelemko. Mbele ya hayo pezi moja la mpira ni nini? Ni neno la kweli kwamba madhara hayo ni makubwa. Lakini ni nani atakayetuonyesha madhara hayo, ikiwa si shahidi huyu huyu? Mvuvi akiambiwa na mtu wa kamera aache mazalio ya samaki yapumzike, atataka kujua yeye mwenyewe aliyapita mazalio hayo kwa namna gani. Udogo wa kosa haumwondolei mtu deni, hasa kama kazi yake ni kuwahesabia wengine makosa.

Kuna fundisho la mambo haya lisilohitaji mtungi wa hewa. Karibu na Matema, katika kijiji cha Ikombe, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu, na vyungu hivyo hupakiwa katika mitumbwi vikapelekwa kwenye soko la Lyulilo. Mtumbwi ni mti mmoja uliochongwa, mwembamba, mwepesi kugeuka. Chungu ni udongo uliochomwa, na kikianguka hakina shauri la pili. Mpiga kafi hukaa kwa kiasi: hainuki ghafula, hageuki kumtazama apitaye, wala hapigi kafi upande mmoja mno. Je, atulia kwa kuogopa kulowa? Yeye ni mtoto wa ziwa, na kulowa si kitu kwake. Atulia kwa ajili ya vyungu, na vyungu vina wenyewe: yuko aliyevifinyanga kwa mikono yake, na yuko angojaye sokoni. Utulivu wake ni amana. Hapana mtu katika soko lile awezaye kuambiwa kwamba kiasi cha mpiga kafi ni jambo lake mwenyewe.

Tena kazi ya mzamiaji haiishi atokapo majini. Methali yasema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kwake yeye kushuka ni rahisi, na ngoma iko katika kupanda. Hufundishwa apande polepole, yapata mita 9 kwa dakika, na akae dakika 3 katika kina cha mita 5, ili naitrojeni iliyoyeyuka mwilini mwake itoke kwa amani. Karibu na uso wa maji, ambapo mtu hujiona amesalimika, ndipo hewa itanukapo kwa haraka kuliko mahali popote; katika mita 10 za mwisho huongezeka maradufu. Na huyo aliyezamia Matema, akipanda gari siku ile ile arudi Mbeya, bado yumo katika kupanda: hewa ya milimani ni nyepesi kuliko ya ziwani, na barabara ya Tukuyu hadi Uyole hupita mahali palipo juu kuliko mji wenyewe. Mwili wake haujui kwamba maji yamekwisha. Kwa hiyo wazamiaji hushauriwa wangoje saa nyingi, na wengi hutaja siku nzima, kabla ya kwenda mahali pa juu. Tendo lina mkia mrefu kuliko mahali lilipotendeka.

Basi turudi katika swali. Kujitawala ni fadhila ya kumfaa nani? Humfaa mwenye nayo, hilo sikukana. Mzamiaji mwenye kiasi hurudi nyumbani. Lakini mwenye kudai kwanza si yeye. Anadai samaki aliyefumba kinywa juu ya watoto wake, anadai mwenzi aliye kando, na anadai msomaji wa mbali ambaye hatashuka majini kamwe na hana njia nyingine ya kujua. Wafundishao kazi hii huwataka wanafunzi waiache kamera ufukoni mpaka wajue kukaa ndani ya maji bila kugusa kitu. Wanafunzi wengi huona ni kucheleweshwa. Kwa kweli hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya picha, na ni sehemu ambayo, ikikosekana, taa na vioo vyote vya dunia haviwezi kuileta baadaye.